Aliyetusalimia kwa Kifundo cha Mkono

Katika miaka yote niliyomjua, Mwalimu aliwapa watu kiganja chake kwa wiki tatu tu. Siku nyingine zote, ukinyoosha mkono kumsalimia, alikunja vidole ndani akakuletea kifundo cha mkono, ushike hicho. Kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, mtu hufanya hivyo akiwa ametoka kulima au kukanda unga, mikono imechafuka na hataki kukuchafua na wewe. Ni adabu. Lakini Mwalimu alifanya hivyo asubuhi, mchana, na hata Jumapili mlangoni mwa kanisa akiwa amevaa koti na tai. Wageni waliofika kambini walidhani ndiye mkulima hodari kuliko wote Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi kando ya ziwa nchini Uganda. Sisi wanafunzi wake tuliliona shamba lake la maharage, na tulijua kwamba magugu hayakuwa na mlezi mwema kama yeye.

Alikuwa amekimbia na vitu viwili: daftari nene la biolojia aliloliandika mwenyewe kwa Kifaransa zamani akisoma, na ngozi yake. Vitu hivyo viwili ndivyo alivyotufundishia. Wakati ule vita vya kwetu vilikuwa bado havijaisha na watu wa Kivu ya Kusini walikuwa wanashushwa Base Camp, kitovu cha kambi, kila juma. Kanisa letu lilimpa pembe moja ya jengo lake la miti na turubai, akawakusanya humo watoto wa upande wetu ili wasikae bure. Darasa lile ndilo lililofanya aitwe Mwalimu badala ya kuitwa mkimbizi kama sisi wengine. Hakuwa na mali nyingine. Na mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili, karibu nimnyang'anye mali hiyo kwa neno moja nililojua si la kweli. Nitafika huko, ila miguu inakuwa mizito.

Alinuka samli. Sisemi kumtukana. Hadi leo nikipita mbele ya duka la maziwa mjini Mbarara nikaipata harufu ile, nasimama kidogo, na moyo unalainika. Wanawake wa Kinyankore, wenyeji wafugaji wa upande wa Ngarama, hutikisa maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi itoke, wakaiyeyusha, wakajipaka wao na watoto wao, na ngozi zao zinang'aa hata wakati wa kiangazi. Mwalimu aliligundua jambo hilo kabla hajamaliza mwezi. Akawa anachota mahindi ya mgao, anatembea nayo hadi kwa wafugaji, anarudi na samli ndani ya kopo la maziwa ya unga. Binti yake, aliyekuwa akimpikia, alimgombeza mbele yetu bila haya.

"Papa, hii mahindi tunaikula ao tunaipaka ku mwili?"

"Weye kula yako," alimjibu. "Ya miye, ngozi njo inaikula."

Kwa hiyo tukambatiza Bwana Samli. Tulidhani hajui. Siku moja alimaliza kuita majina ya mahudhurio, akaangalia juu, akaita kwa sauti ile ile, "Bwana Samli?" Akajijibu mwenyewe, "Eko," akajitia alama kwenye karatasi, akaanza somo. Tangu siku hiyo jina lilipoteza utamu.

Chaki aliishika kwa kipande cha mfuko wa sukari, maana vumbi lake lilimkausha vidole vikapasuka. Sabuni ya mche tuliyogawiwa aliitumia kufulia tu. Mwili aliuosha kwa maji matupu, akatuonya tusimwige, kwani sisi tulikuwa na uchafu wa kutosha. Shati lake lilikuwa la mikono mirefu, limefungwa vifungo vyote, jua liwe kali namna gani. Na alikuwa na misemo yake. Mtoto akijikuna darasani alimwambia, "Mwasho ni swali. Hapana kujibu kila swali." Tukiwa tumechoka na njaa, tukianza kugombana, alisema hivyo hivyo, mwasho ni swali, na wakati mwingine msemo ulifanya kazi.

Ila yeye mwenyewe alijibu. Nyuma ya kanisa, pale wanawake walipokuwa wakipukuchua mahindi, alikuwa ameficha gunzi moja kavu kwenye panda ya mti. Wakati wa mapumziko alikwenda huko, akageukia bonde, akajikuna nyuma ya magoti na kwenye viwiko kwa gunzi lile, macho ameyafumba, mdomo wazi kidogo. Tulimchungulia tukajiziba midomo kwa kucheka. Akirudi alikuwa mpole sana kwa robo saa, halafu anaanza kuumia na kuwa mkali. Sikuelewa wakati ule. Leo ninawaona watu wa namna hiyo kila siku kazini, na nikikumbuka kicheko chetu ninaona aibu.

Ugonjwa wenyewe alitueleza kwa sababu ya ng'ombe.

Ilikuwa Jumamosi moja alasiri, wakati wa kiangazi. Mama mmoja aliyekuwa akianika muhogo aliona wingu la vumbi likija kwa njia ya Ngarama. Huko kwao alikuwa ameona vumbi la namna hiyo, na yaliyofuata hawezi kuyasahau. Akapiga kelele neno moja tu, "Banakuya!" Hakusema ni akina nani wanaokuja, na hakuna aliyemuuliza. Jirani alilipokea neno akalipeleka kwa jirani, na kabla maji ya chai hayajachemka upande wetu wote ulikuwa unakimbia kuelekea ziwani, magodoro kichwani, watoto mgongoni, masufuria yakigongana. Mchungaji wetu alikimbia na ngoma ya kanisa. Mama yangu alibeba beseni lake la unga wa muhogo akamwacha mdogo wangu, kisha akarudi kumchukua huku akilia. Tulikata katikati ya mashamba ya maharage ambayo yalikuwa yamebakiza juma moja kuvunwa. Tulipofika karibu na maji, vumbi likafunguka nyuma yetu, wakatoka ng'ombe, wale wa pembe ndefu, wanatembea polepole kwenda kunywa. Mwenye ng'ombe, mzee wa Kinyankore mwenye kofia, alituangalia akavua kofia kutusalimu.

Tulicheka siku ile mpaka tukalia. Lakini Jumapili watu walipokwenda shambani hawakucheka. Maharage yalikuwa yamelala chini yote.

Jumatatu Mwalimu aliingia, hakufungua daftari.

"Bile biharage," alisema, "nani alibikanyaga? Ngombe?"

"Hapana, Mwalimu. Ngombe zilipita ku barabara."

"Sasa ni nani?"

Tulitazamana. "Ni sisi."

"Njo ugonjwa yangu," alisema, na kwa mara ya kwanza mbele yetu akafungua kifungo cha mkono wa shati, akaukunja hadi juu ya kiwiko.

Ngozi pale kwenye mkunjo ilikuwa imekuwa nene na nyeusi, ina makunyanzi kama goti la ng'ombe, na katikati ya makunyanzi kulikuwa na nyufa nyekundu zenye majimaji. Watoto wa nyuma walisimama waone. Alituacha tuangalie mpaka tukashiba. Kisha akachora ukuta wa udongo ubaoni. Alisema ngozi ni ukuta, na wa kwake ulijengwa na fundi mvivu, una nyufa tangu mwanzo. Nyuma ya ukuta wanakaa walinzi. Vumbi likiingia kwenye ufa, au sabuni, au kitu chochote, mlinzi anakiona. Lakini mlinzi hawezi kukimbia mwili mzima, kwa hiyo anatuma mjumbe.

"Ule mujumbe hana bunduki," alisema. "Hana mikono. Ni kitu kidogo sana, hata ku microscope hautamuona. Ni neno tu. Anasema 'banakuya'. Na wale wengine banaitika. Banaleta moto, banaleta maji, ngozi inavimba. Mujumbe mwingine anaenda ku mushipa ya kusikia mwasho, anasema 'kuna', na miye nakuna. Nikikuna, ukuta inapasuka zaidi. Ukuta ikipasuka, mulinzi anatuma bajumbe bengine. Unaona? Na mwanzo wa bitu byote ilikuwa vumbi ya ngombe."

"Kwa hiyo haiambukize?" aliuliza mtoto mmoja.

"Utaambukizwa namna gani kelele ya mwili yangu? Hiyo kelele inakaa umu ndani."

Mimi nilinyoosha mkono. Nilikuwa mtoto wa maswali, na ninakumbuka vizuri kwa sababu alifurahi. "Mwalimu, hao bajumbe, majina yabo ni nani?"

Alifungua daftari lake lile nene, akapekua hadi ukurasa wa mwisho, akalifunga. "Sijue," alisema. "Masomo nilisomaka ilikomea hapa. Benye kusoma banajua ya kama beko, beko bengi, lakini ku majina sikufika. Mwenye atafika mbele, arudie aniambie."

Alishusha mkono wa shati akafunga kifungo. Siku ile nilimwelewa. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba nilimwelewa kabisa.

Sasa zile wiki tatu. Binti yake alipata mchumba, na Mwalimu alitaka siku ya harusi amkabidhi kwa kiganja kilicho wazi kama baba yeyote. Pale sokoni Base Camp kulikuwa na meza ya vipodozi, na juu yake mirija midogo ya mafuta ya kujichubua, ambayo akina mama walipaka usoni wawe weupe. Wengine walikuwa wamegundua kwamba yanaondoa pia mapele na mwasho. Mwalimu alikuwa ameyapiga marufuku darasani kwa hotuba ndefu, kwamba yanalainisha ngozi hadi inakuwa karatasi. Kisha akaenda akayanunua. Muuzaji alitangaza soko zima kwamba hata Mwalimu anataka urembo.

Yalifanya kazi, siwezi kusema uwongo. Baada ya siku chache vidole vyake vilikuwa laini, nyufa zimefunga. Alikuja darasani na shati la mikono mifupi, na tukaona kwamba alikuwa na mikono mizuri, mirefu, kama ya mtu wa kupiga gitaa. Kwenye harusi alisimama mlangoni mwa kanisa akampa kila mtu kiganja, wakubwa kwa wadogo, na kila mtu alimshika muda mrefu kuliko kawaida kwa mshangao. Mimi nilikuwa nimetumwa kuazima sahani; niliporudi, foleni ilikuwa imekwisha na yeye alikuwa ameketi. Nilijiambia nitamsalimia kesho yake shuleni.

Kesho yake mrija ulikuwa umekwisha na kifundo cha mkono kimerudi, naye, kwa kujikasirikia kwamba alikuwa amevunja marufuku yake mwenyewe, aliapa kutonunua mwingine. Katika juma moja ugonjwa ulirudi na ndugu zake wote, viwiko, shingo, kope za macho. Alitueleza kwa unyonge: "Ile mafuta haifukuze bajumbe. Inabaziba tu mudomo. Siku unaacha, banasema yote yenye balikuwa banataka kusema." Vidole vilipasuka vibaya kuliko zamani. Kile kipande cha mfuko wa sukari hakikusaidia, chaki ikawa inatoka na damu.

Ni katika majuma hayo alipotupa kazi ya kuchora ukuta na walinzi wake. Mimi niliinakili kwa jirani yangu, pamoja na makosa yake. Mwalimu alisimama na daftari langu mbele ya darasa zima, akasema, "Hii kazi ni ya macho ya mwenzako. Yako iko wapi?" Wakacheka. Alinirudishia nirudie. Pembeni mwa ukurasa kidole chake kilikuwa kimeacha doa la damu, dogo kama punje ya mtama.

Mama yangu alikuwa akiuza unga pale sokoni, na meza yake ilikuwa bunge. Alasiri ile nilikaa nyuma yake nikichora upya, nimenuna, yeye akaona doa.

"Hii damu ni ya nani?"

"Ya Mwalimu," nilisema. Walikuwepo akina mama wengine wanne, wananiangalia. Jumapili iliyopita tulikuwa tumesomewa habari za Naamani, yule jemadari wa Biblia mwenye ukoma. Hasira ya kuchekwa ilikuwa bado haijanitoka, nikasema, "Mwalimu eko na ukoma."

Hakuna aliyeuliza nimejuaje. Kabla unga wa mama haujaisha kwenye beseni, neno lilikuwa limefika mwisho wa soko. Jumanne nusu ya darasa haikuja. Alhamisi tulibaki watano, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa sababu niliogopa kumwomba mama nami nisiende, angeniuliza zaidi. Mwalimu aliita majina yote ya mahudhurio, hata ya wale ambao hawakuwepo, akisubiri kidogo baada ya kila jina.

Jumamosi wazazi walikutana kanisani. Sisi watoto tulijibanza nje, masikio kwenye turubai. Wazazi walisema Mwalimu asifundishe tena. Wengine walisema ahamishiwe mbali na kisima. Alikuwa ameitwa afisa mmoja wa afya, Mnyankore mnene aliyejifunza Kiswahili jeshini, akamwangalia Mwalimu mikono, masikio na miguu mbele ya watu wote.

"Nyinyi, sikia," alisema. "Mimi naona ukoma mingi, hii si ukoma. Hapana."

"Sasa ni nini?" wazazi waliuliza. "Upele?"

"Na upele si hii."

Lakini hawakutosheka. Walikuwa wamekimbia mambo mengi ambayo wakubwa waliwaambia si kitu. Mwishowe mzee mmoja wa kanisa akapendekeza: mwaka jana watoto wote walipakwa dawa ya upele, ile nyeupe kama maziwa, na upele uliisha. Apakwe na Mwalimu, mwili mzima, siku tatu, halafu watoto warudi. Watu wote wakaitika ndiyo.

Afisa alimvuta Mwalimu kando, na kando palikuwa karibu kabisa na masikio yetu. "Mzee, hii dawa nachoma. Na wewe iko na vidonda mwili yote. Wewe nakataa tu, mimi nasaidia wewe."

"Najua, ssebo," alisema, akimwita bwana kwa lugha yake. "Itanichoma sana."

"Sasa unakubali kwa nini?"

"Juu batoto barudie ku masomo," alisema Mwalimu.

Alivua shati mwenyewe. Sikumwona wakati wa kupakwa, nilikuwa nimekimbia hadi nyuma ya kanisa, kwenye ule mti wa gunzi, nikajificha huko. Lakini nilimsikia. Hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu kwa Kifaransa, polepole, un, deux, trois, na akifika kumi anaanza tena. Siku ya pili alihesabu, na ya tatu.

Jumatano darasa lilijaa. Aliingia kope zimevimba, shingo imechubuka, mikono yote miwili inatoa maji kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Wazazi waliokuwa wamesimama mlangoni wakaangalia, wakaitikia kwa vichwa kwa furaha. "Munaona?" mmoja alisema. "Dawa inatumika kazi. Ugonjwa inatoka." Wakaenda zao mashambani wameridhika. Mwalimu hakuweza kushika chaki majuma mawili. Alifundisha kwa mdomo, mikono imeinuliwa kifuani isiguse kitu, na tuliyoyajifunza majuma yale sijayasahau hata moja.

Kitu cha kwanza alichofanya siku hiyo ya kurudi kilikuwa kunitazama mimi. Akasema, "Weye, chukua bitu byako, kuja hapa mbele." Akanikalisha benchi la kwanza, hatua moja kutoka aliposimama, na hapo nilikaa miaka yote miwili iliyobaki. Nilijiambia ni kwa sababu ya macho yangu, maana nilikuwa nikikunja uso kusoma ubao. Siku nyingine nilifikiri ni adhabu. Kutoka pale niliona mikono yake ikipona polepole kwa samli, ikipasuka wakati wa kiangazi, ikifunga mvua zikianza. Nilijua kila ufa. Mara mia nilitaka kumwambia, na mara mia somo lilianza.

Baadaye kanisa lilinisaidia kusoma, kwanza sekondari Isingiro, kisha uuguzi Mbarara. Siku ya kuondoka nilimsalimia, akanipa kifundo cha mkono. Sikumwambia. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilijificha nyuma ya methali hiyo miaka zaidi ya kumi, kana kwamba mtu aliyemwaga hana hata ruhusa ya kusema ni mimi.

Nilipangiwa kliniki ya ngozi katika hospitali moja hapa Mbarara. Sikuomba, ila nilipopangiwa nilikaa chooni nikalia. Kazi yangu asubuhi ni kugawa namba na kuita watu. Na asubuhi moja ya mwaka wa 2015, katikati ya benchi, nilipata harufu ya samli kabla sijainua kichwa.

Alikuwa amezeeka, amekuwa mdogo, shati limefungwa hadi shingoni. Binti yake alikuwa naye, mwenyewe sasa mama mnene wa watoto. Nilisimama mbele yake, namba za kugawa zikiwa mkononi.

"Eh," alisema, "mutoto ya benchi ya mbele."

Akaniletea kifundo cha mkono, nikakishika. Binti yake akanieleza: majina yao yametoka ubaoni Base Camp, wamepata safari ya kuhamishiwa ng'ambo. Nchi ya baridi, theluji miezi mingi. Wanaondoka juma lijalo, na amemleta baba apate mafuta ya kutosha ya safari. Juma lijalo. Nilihesabu haraka na nikaona kwamba hakuna siku nyingine.

Namba yake ilikuwa bado mbali. Nikaketi kwenye benchi kando yake, muuguzi mzima na sare yangu, nikaanza na lile lililokuwa rahisi.

"Mwalimu, ulisema mwenye kufika mbele arudie akuambie majina."

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kalamu, akampokonya binti yake karatasi ya namba, akaigeuza nyuma. "Sema."

"Habana majina. Bote banaitwa interlukini, na kila mumoja eko na namba. Wa namba ine na wa namba kumi na tatu njo banafanya ukuta isijengeke muzuri, na banaita bengine. Wa makumi tatu na mumoja njo wa mwasho. Yee anaenda ku mushipa, anasema 'kuna'."

Aliandika namba zote, polepole, kwa vidole vile vile. Nikamwambia daktari wetu anasema huko ng'ambo wanajaribu dawa ya kumziba mjumbe mmoja au wawili tu, bila kuwaziba wote kama yale mafuta ya harusi. Pengine huko anakokwenda ataikuta. Hakuonekana kusikia hilo. Alikuwa anaziangalia namba, akaanza kucheka hadi mabega yakatikisika.

"Kumbe nabo," alisema, "balibapatia namba sawa sisi bakimbizi."

Tulicheka wote watatu, watu wakatugeukia. Na kwa sababu nilikuwa nacheka, mdomo uko wazi, neno lilipita. Nikamwambia ni mimi. Pale sokoni, mezani kwa mama. Nikamwambia kwamba nilijua si ukoma, kwamba alikuwa ametueleza na nilimwelewa, nikasema hivyo hivyo.

Binti yake aliacha kucheka. Mwalimu aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni pamoja na kalamu.

"Nilijua," alisema. "Mama yako mwenyewe aliniambiaka, siku ya kwanza. Alikuya kuniuliza kama ni kweli."

"Siku ya kwanza? Mbele ya kupakwa ile dawa?"

"Mbele."

"Sasa juu ya nini haukusema ku mukutano? Ungesema ni uongo ya mutoto."

"Na weye bangekufanya nini?" Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza darasani, kisha akaendelea. "Weye ulikuwa mujumbe tu. Mujumbe alisikia kitu kidogo, akapiga kelele. Hapana kumupiga. Unamuleta karibu, aone muzuri. Njo maana nilikuweka mbele."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama mikono yake iliyolala juu ya magoti, nyufa zile nilizozijua zote, na mpya ambazo sikuzijua. Yeye akainuka kidogo, kwa adabu ya mtu anayejua kwamba mwenyeji wake ana kazi, akakunja vidole ndani na kuniletea tena kifundo cha mkono, kuagana.

Sikukishika. Nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja, nikaweka kiganja changu ndani ya kiganja chake.

"Utaambukizwa," alisema.

"Namna gani, kelele ya mwili yako?"

Alitabasamu, akanibana mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto, na kilikwaruza. Tulibaki hivyo hadi mwenzangu alipotokeza mlangoni akaita namba yake.